Presha ya Kichanga Haipimwi na Mashine Peke Yake

Maganzo ni mji unaoishi kwa mzani. Uko kando ya barabara kuu itokayo Shinyanga kwenda Mwanza, ndani ya Wilaya ya Kishapu, na jirani yake ndiko Mwadui, ambako Mkanada John Williamson alianzisha mgodi wa almasi mwaka 1940. Karati moja ni gramu 0.2 tu, na bado wanunuzi wa mawe huigawanya tena katika pointi 100. Hakuna anayekubali kuuza kwa makadirio. Lile jiwe la rangi ya waridi lililochimbwa Mwadui mwaka 1947, likaishia kuwa zawadi ya harusi ya Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, linajulikana hadi leo kuwa lilikuwa na karati 54.5 kabla ya kukatwa. Na kila mtu wa kazi hiyo anajua kwamba mzani mzuri ukikaa kwenye meza inayotikisika, au feni ikiwa inazunguka juu yake, utakupa namba ya uongo, hata kama inang'aa vizuri kwenye kioo.

Kipimo ninachotaka kukizungumzia leo kina tabia hiyohiyo, ila hakina soko. Ni presha ya mtoto mchanga.

Ukilitaja neno presha katika familia nyingi za huku kwetu, watu watamgeukia babu au shangazi mnene. Mama aliyejifungua jana akiona muuguzi anamfunga kichanga wake mkanda mkononi, swali la kwanza litakuwa: sista, mwanangu naye ana presha? Ana presha, ndiyo, kama kila kiumbe mwenye moyo unaosukuma damu. Tofauti ni kwamba kwa mzee tunaogopa ipande, na kwa kichanga mahututi tunaogopa zaidi ishuke. Mtoto wa kilo tatu ana damu isiyozidi sana robo lita mwili mzima. Akivuja kidogo kwenye kitovu kilichofungwa vibaya, akipata maambukizi kwenye damu, au akikosa hewa wakati wa kuzaliwa hadi moyo ukadhoofika, msukumo wa damu unaweza kuporomoka, na ubongo na figo ndizo hulipa gharama.

Msimamo wangu niuseme mapema. Hospitali za rufaa za Shinyanga na Geita, na Bugando kule Mwanza, zina kila sababu ya kupima presha ya vichanga mahututi. Lakini mashine ikinunuliwa kabla ya kupatikana mtu wa kukaa na mtoto na kumpima kwa utulivu, tutakuwa tumetumia fedha halali kununua namba za uongo.

Tuanze na ugumu wenyewe. Mtu mzima anaweza kupimwa kwa mkanda na stetoskopu, kwa kusikiliza mlio unaoanza na kutoweka jinsi hewa inavyotolewa. Njia hiyo aliieleza daktari Mrusi, Nikolai Korotkov, mwaka 1905. Kwa kichanga haifai, kwa sababu mlio wa damu yake ni mdogo mno kusikika. Njia sahihi kuliko zote ni kuingiza mrija mwembamba ndani ya ateri, mara nyingi kupitia kitovuni, na kuuunganisha na kifaa kinachosoma msukumo wa damu pigo kwa pigo. Lakini mrija huo unaweza kuleta maambukizi, damu ikaganda, mguu ukakosa damu. Na ukichomoka usiku bila mtu kuona, mtoto anaweza kuvuja damu hadi afe. Unahitaji mikono iliyozoea na macho yasiyobanduka. Hata katika nchi tajiri huwekewa wale wagonjwa sana tu.

Ndiyo maana tangu miaka ya 1970 hospitali zimeegemea mkanda wa mashine, usiotoboa ngozi. Mkanda hujazwa hewa hadi ukabana mkono, kisha hewa hutolewa hatua kwa hatua. Mapigo ya mshipa huutikisa mkanda: mtikisiko huanza mdogo, hukua, hufika kilele, kisha hufifia. Pale kwenye kilele ndipo mashine husoma presha ya wastani, na hiyo pekee ndiyo namba iliyopimwa. Ile ya juu na ile ya chini, tunazoziandika zikitenganishwa na mkwaju, mashine huzikokotoa kwa fomula ambayo kila kampuni huitunza kama siri ya biashara. Mashine za kampuni mbili zinaweza kufungwa kwa mtoto mmoja na zisikubaliane. Ajabu ni kwamba kwenye vioo vingi ile ya wastani hukaa pembeni, kwenye mabano, kama mgeni aliyechelewa. Karatasi ya ufuatiliaji yenye nafasi mbili tu huiacha nje kabisa: tunaandika zilizokokotolewa na kutupa iliyopimwa.

Halafu kuna mkanda wenyewe. Mikanda ya vichanga huja kwa namba, kuanzia 1 hadi 5. Namba 1 ni ya mkono wenye mzunguko wa sentimita 3 hadi 6, yaani mkono wa njiti ambaye pete ya baba yake inaweza kumpita hadi kwenye kiwiko. Mtoto aliyetimiza miezi yake ana mkono wa kama sentimita 10. Upana wa mkanda unatakiwa uwe karibu nusu ya mzunguko wa mkono au zaidi kidogo; wataalamu husema kati ya asilimia 45 na 70. Ukiwa mwembamba mno, namba hupanda na kukudanganya kwamba mtoto yuko salama. Ukiwa mpana mno, hushuka. Sasa fikiria wodi iliyoletewa mashine moja na mkanda mmoja, namba 4, na watoto kumi wa uzito tofauti. Mashine itafanya kazi. Itatoa namba kwa kila mtoto, bila kulalamika, bila kumwambia yeyote kwamba nusu ya namba hizo hazina maana.

Na mtoto naye hatulii kwa amri. Akilia, presha hupanda. Akinyonya, hupanda. Akichomwa sindano, vivyo hivyo. Utaratibu ambao madaktari wa watoto wamekuwa wakiupendekeza tangu miaka ya 1990 unasema hivi: subiri kama saa moja na nusu baada ya mtoto kunyonya au kusumbuliwa, mlaze, mfunge mkanda unaomtosha kwenye mkono wa kulia, mwache atulie dakika 15, kisha mpime mara tatu kwa kupishanisha dakika mbili. Akiwa amelala ni bora zaidi. Kwa kuhesabu dakika 20 tu kwa kila mtoto, wodi yenye vichanga 12 inahitaji saa nne za muuguzi kwa mzunguko mmoja. Saa nne! Na muuguzi huyo ndiye anayetoa dawa, anayekamua maziwa na mama, anayeangalia oksijeni, anayeitwa chumba cha upasuaji kumpokea mtoto mwingine. Atafanya nini? Atafunga mkanda mtoto akiwa analia, atabonyeza kitufe mara moja, ataandika. Mimi ningefanya hivyohivyo.

Baya kuliko yote, mashine hizi huwa na mwelekeo wa kusoma juu pale presha ya njiti inapokuwa chini. Mtoto tunayemhofia zaidi ndiye anayepewa namba ya kutuliza roho zetu.

Tuseme tumeshinda yote hayo. Tuna mkanda unaofaa, mtoto amelala, tumepima mara tatu, na namba ya wastani ni 27. Ni mbaya? Kanuni iliyoenea, iliyotoka kwa madaktari wa Uingereza mwaka 1992, inasema presha ya wastani ya njiti isipungue idadi ya wiki za mimba aliyozaliwa nayo: wa wiki 30 awe na angalau 30. Ni kanuni rahisi kukumbuka, na ndiyo sababu ya umaarufu wake. Lakini Kishapu tutazijuaje hizo wiki? Mama ambaye hakupata kipimo cha ultrasaundi mapema atakumbuka kwamba mara ya mwisho kuona siku zake ilikuwa wakati wa kupalilia pamba. Palizi huchukua wiki kadhaa. Tofauti ya wiki nne kwenye kumbukumbu hiyo inatosha kumhamisha mtoto kutoka upande wa wagonjwa kwenda upande wa wazima.

Hata huko kanuni ilikotoka hawana uhakika nayo. Barani Ulaya na Kanada walipanga jaribio kubwa la kuwagawa njiti wadogo sana wenye presha ya chini katika makundi mawili, wengine wapewe dawa ya dopamini na wengine wasipewe. Walitaka watoto 830. Walipata 58 tu, na jaribio likafungwa. Matokeo yakachapishwa mwaka 2021 bila kumaliza ubishi. Yaani swali la kwamba presha ikishuka kwa njiti tufanye nini, bado liko wazi kwenye hospitali zenye kila kitu.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu Afrika Mashariki ina somo lake, na tulilipata kwa gharama. Kati ya mwaka 2009 na 2011 watafiti wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland, mwenye kituo chake Kilifi, waliwafuatilia watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Kwetu ilikuwa hospitali ya Teule, Muheza. Walikuwa watoto wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Vitabu vingi vilisema watoto wa namna hiyo waongezewe maji ya mshipa haraka na kwa wingi. Nani angepinga? Mgonjwa kakauka, mpe maji. Matokeo yaliyotoka mwaka 2011 yaliwaacha madaktari midomo wazi: waliowekewa maji kwa kasi walikufa zaidi ndani ya saa 48, takriban watoto 10.6 katika kila 100, wakati wale ambao hawakuwekewa kwa kasi walikufa 7.3. Watoto hao hawakuwa vichanga. Mdogo kabisa alikuwa na siku 60, kwa hiyo siwezi kuchukua namba hizo nikazibandika kwenye wodi ya njiti. Ninachochukua ni tabia yetu iliyofichuliwa. Daktari akiona namba ya chini mkono wake humwasha. Akiwa hana kingine, atanyanyua dripu. Na njiti aliyemiminiwa maji kwa sababu mkanda ulikuwa mpana kuliko mkono wake hataingia kwenye takwimu za mkanda mbovu. Ataandikwa kuwa alikufa kwa unjiti.

Sasa niligeuze shauri, maana nisije nikaonekana mpinga vipimo. Mkoa wa Shinyanga na mkoa wa Geita imekuwa, katika miaka hii ya karibuni, sehemu ya kazi nzuri kuliko nyingi duniani kuhusu vipimo vya watoto wanaozaliwa. Watafiti wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, pamoja na wenzao wa Norway na serikali yetu, walianzisha mpango katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Vifaa viwili vya mpango huo vinahusu moyo. Kimoja, ambacho jina lake ni Moyo hasa, hufungwa tumboni kwa mama aliye kwenye uchungu na kusoma mapigo ya mtoto aliye ndani. Kingine, NeoBeat, huvishwa kifuani mwa mtoto akishazaliwa tu na kuonyesha mapigo yake ndani ya sekunde chache. Karibu akina mama laki tatu waliingia katika hesabu. Matokeo yalichapishwa Februari 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine: watoto waliokufa wakati wa uchungu au ndani ya saa 24 za kwanza walipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000.

Kwa nini kipimo hiki kilifaa na kile cha presha nakitilia shaka? Vyote viwili ni mashine, vyote huhitaji betri, vyote huweza kuharibika. Tofauti ni kwamba kipimo cha mapigo huuliza swali lenye jibu ndani ya chumba kilekile. Mapigo yakiwa zaidi ya 100 kwa dakika, mtoto anaendelea vizuri. Yakiwa chini ya hapo na hapumui, mkunga anachukua ambu na kumpulizia hewa, na namba inayopanda kwenye kioo inamwambia kwamba hewa imefika. Na wakunga wale hawakupewa vifaa wakaachwa. Walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara juu ya mwanasesere, kazini kwao, zamu kwa zamu, na takwimu zao wenyewe zikarudishwa mbele yao wazijadili. Nina hakika kabisa kwamba mazoezi yale ndiyo yaliyofanya vifaa viwe na maana. Mafunzo ya kusaidia watoto kupumua yalikuwa yameshaonyesha dalili hiyo katika hospitali nane za Tanzania kuanzia mwaka 2009, ambako vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47 kwa ambu, kinyonyeo na mikono iliyofundishwa. Wakufunzi waliita dakika ya kwanza ya uhai dakika ya dhahabu. Kwa Geita jina hilo halihitaji maelezo.

Kuna namba nyingine mbili ambazo kila diwani wa kanda hii angepaswa kuzijua kabla hajapitisha ununuzi wa kifaa chochote. Utafiti wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba vifo vya akina mama vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104. Ni anguko kubwa la kujivunia. Utafiti huohuo uliwahesabu vichanga wanaokufa ndani ya siku 28: walikuwa 25 kwa kila 1,000, wakawa 24. Akina mama wanajifungulia vituoni sasa, asilimia 81 kwa hesabu ya mwaka huo, lakini watoto wao wanaendelea kufa karibu kwa kasi ileile. Sababu kuu zinajulikana: unjiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo mkanda wa presha huitibu. Joto hutibu sehemu ya tatizo. Jaribio lililofanyika katika nchi tano, Muhimbili ikiwemo, lilionyesha mwaka 2021 kwamba njiti waliowekwa kifuani kwa mama mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watulie kwanza, walikufa kwa asilimia 12, na waliosubirishwa kwa asilimia 15.7. Kifua cha mama hakina betri.

Usafiri nao ni tiba. Mfumo wa m-mama, unaomkodisha dereva wa kijijini pale gari la wagonjwa linapokosekana na kumlipa kwa simu, ulijaribiwa kwanza katika Kanda hii ya Ziwa, Shinyanga ikiwemo, kabla ya kutangazwa kuwa wa taifa zima mwaka 2022. Ukipiga 115 unaweza kuombewa gari la mama, na pia la kichanga asiyezidi siku 28. Mtoto wa Maganzo anayehitaji kupimwa presha sawasawa anapaswa kupimwa huko gari linakompeleka.

Wapo watakaonijibu kwamba kuna magonjwa ambayo mkanda pekee ndio huyafichua kwa bei nafuu, na wana haki. Mtoto anaweza kuzaliwa na ateri kuu iliyominywa karibu na moyo. Siku za kwanza hunyonya vizuri, hucheka usingizini, huruhusiwa kwenda nyumbani. Kisha njia ya damu aliyokuwa akiitegemea tangu tumboni hujifunga, na ndani ya saa chache anakuwa wa kijivu na baridi. Kupima presha mkononi na mguuni, na kukuta mkono umezidi mguu kwa 20 au zaidi, ni dalili ya kumkimbiza kwa mtaalamu wa moyo. Hapo mashine inafaa hata ikiwa na makosa yake, kwa sababu tunalinganisha viungo viwili vya mtoto mmoja, kwa mashine moja, kwa dakika zilezile. Lakini hata hapo kidole cha daktari kwenye mshipa wa paja huja kwanza. Na kubonyeza ngozi ya kifua kwa sekunde tano, kisha kuhesabu sekunde ambazo rangi inachukua kurudi, hakuhitaji umeme. Ikizidi tatu, huku mikono na miguu ni ya baridi na mapigo yanakwenda mbio, muuguzi ana sababu ya kuita msaada, iwe ana mashine au hana.

Tunarudi kwenye fedha. Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, kampuni za migodi hutakiwa kila mwaka kupanga pamoja na halmashauri jinsi ya kutumia fedha za CSR, yaani za wajibu wa kampuni kwa jamii. Kanda yenye almasi ya Mwadui na dhahabu ya Geita na Kahama ina mlango ambao mikoa mingi haina. Hofu yangu ni kwamba mashine hupigwa picha vizuri kuliko mshahara. Mwaka 2011 uchunguzi uliokusanya takwimu za nchi maskini ulikuta karibu asilimia 40 ya vifaa tiba havifanyi kazi, na sababu nyingi zilikuwa za kawaida kabisa: vipuri, mafunzo, umeme. Kwa mashine ya presha ya vichanga, kipuri kinachoisha ni mkanda. Mikanda mingi imetengenezwa kutumika kwa mtoto mmoja na kutupwa. Ikioshwa na kurudiwa huvuja, na ikivuja, hudanganya.

Kwa hiyo orodha ya ununuzi ikifika mezani, ningependa kuona mstari wa mikanda ya namba zote tano kwa miaka mitatu mbele, mstari wa fundi wa vifaa tiba wa mkoa, na mstari wa wauguzi wa wodi ya vichanga, wasiohamishwa kila baada ya miezi sita. Mashine ikae chini ya mistari hiyo. Na kwa zahanati na vituo vya afya vya Kishapu ningeomba kitu cha bei ya karatasi: barua ya rufaa ya kichanga yenye nafasi ya saa aliyozaliwa, joto, pumzi kwa dakika, mapigo ya moyo, na sekunde za rangi kurudi kifuani. Hospitali inayompokea iongeze chini yake presha ya wastani, na kando ya namba hiyo nafasi tatu ndogo: mkanda namba ngapi, mkono au mguu, na alikuwa amelala au analia.